Kipigo cha Esperansi

Wako watu Kaliua ambao hata leo wakivua shati utaona mstari mgongoni, alama ya bomba la chuma la nusu inchi. Ukiwauliza nani aliwapiga hivyo, watakutajia jina la mwanamke, na hawalitaji kwa chuki. Mmoja wao, mzee anayeuza tumbaku ya kunusa karibu na stesheni, alivunjwa bega siku ile na mkono wake haupandi tena kupita sikio. "Asingenivunja bega," husema, "ningezikwa na mabega yangu yote mawili mazima." Kisha hubadili mazungumzo, kwa sababu habari za mwanamke yule haziishii hapo, na zilizobaki si za kusimulia kwa kicheko.

Jina lake ni Esperansi Nizigiyimana. Alizaliwa Ulyankulu, miaka minne baada ya wazazi wake kuvuka kutoka Burundi na sufuria moja na roho zao. Alipokuwa na miaka tisa, kipindupindu kiliingia mtaani kwao. Kilianza na mama yake, Adelina, asubuhi ya Jumanne. Kufika jioni macho ya mama yalikuwa yamezama kama yaliyosukumwa ndani kwa vidole. Jumatano wakamzika. Alhamisi akafuata mdogo wake wa mwisho. Kaburi la yule mdogo walilichimba wawili, Esperansi na baba yake, maana wanaume wengine wa mtaa ama walikuwa wanaharisha ama wanachimba ya kwao.

Ijumaa akaja muuguzi kwa baiskeli, na ndoo ya unga mweupe nyuma. Alitia kijiko kimoja kwa kila pipa, akakoroga, akawaamuru watu wasinywe maji mengine. Maji yakanuka, harufu kali inayochoma pua hadi machozi. Wazee wakanung'unika kwamba wanalishwa sumu. Lakini wiki ya pili hakuchimbwa kaburi lolote. Mtoto Esperansi alikaa kando ya lile pipa akivuta harufu ile kama wengine wanavyovuta harufu ya mkate. Akilini mwake kulikuwa na hesabu moja tu: muuguzi yule angetangulia siku nne, mama angekuwa hai.

Alikua, akaolewa na kijana wa kwao aitwaye Nahimana. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka wa tano wa ndoa Nahimana akapanda treni ya Mpanda kwenda kuchimba dhahabu, na treni ile ikarudi mara nyingi bila yeye. Esperansi akamfuata mpaka Kaliua, njia ya reli inapogawanyika, akakaa pale akiuliza kila abiria. Mwishowe akachoka kuuliza, akatafuta kazi. Akaipata katika mtambo wa maji wa bwawa la Igwisimba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini. Kazi ya kufagia.

Mtambo ule ulikuwa chini ya fundi mmoja mtu wa Puge, Octavian, mrefu, mkavu, asiyependa maswali. Lakini yule mfagiaji aliuliza hata hivyo. Kwa nini maji ya bwawa yanaingia kama chai ya maziwa na kutoka meupe? Octavian akamwonyesha shabu, mawe yale meupe, jinsi inavyoyeyushwa na kukamata tope likashikamana na kuzama. Akamwonyesha chujio la mchanga, na namna ya kuliosha kwa kuyasukuma maji yapande kutoka chini. Mwisho kabisa akamfungulia mlango wa stoo, mahali iliposimama mitungi saba ya njano, kila mmoja ukimfika kifuani.

"Hii ndiyo inayoua vijidudu," akasema. "Gesi ya klorini. Tone moja kwenye tangi, mji mzima unalala salama."

Esperansi akavuta pumzi, akaisikia ile harufu. Akatabasamu.

Octavian akamshika shingo kwa nyuma, si kwa utani, akamwinamisha mpaka uso ukakaribia sakafu. "Unacheka nini? Sikiliza. Huyu ni chui tuliyemfunga kamba atulindie nyumba. Kamba ikikatika, atakuja huku chini ulipo sasa. Ni mzito kuliko hewa, anatafuta bonde, anatafuta mtaro, anatafuta shimo. Watu wote hukimbilia bondeni. Wewe panda juu. Uelekee upepo unakotoka, hata moyo ukikuambia vingine. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Rudia."

Akarudia huku kichwa kikiwa chini, na Octavian hakumwachia mpaka aliposema mara tatu.

Miaka kumi na mitatu baadaye Octavian alikwisha kustaafu na kurudi kwao, na Esperansi ndiye aliyekuwa anatia dawa. Mjini walimwita Mama Klorini. Kila mchana alikula wali maharage kwenye banda la Elieth, mama ntilie aliyekuwa karibu na tuta la reli, na Elieth ndiye mtu pekee wa Kaliua aliyeijua habari ya kaburi lile la Ulyankulu. Mume wa Elieth, Kashindye, alikuwa na bucha upande wa pili wa barabara. Jitu la maungo, sauti kama ngoma, lakini mbele ya mkewe alinyamaza kama mwanafunzi.

Mwaka 2019 jumuiya ya watumia maji ikaamua kuachana na gesi. Unga wa klorini ulikuwa salama zaidi, na kila mtu aliona ni jambo la busara. Likaja lori kuchukua mitungi yenye gesi ikamalizwe kitaalamu, na ile mitupu ingefuatwa baadaye. Hapo ndipo Esperansi alipofanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kulikuwa na mtungi mmoja ambao haukufika hata nusu ya kutumika. Aliutazama asubuhi nzima. Akaona pipa la Ulyankulu, akamwona muuguzi aliyechelewa siku nne. Akachukua rangi nyeusi na brashi, akauandika ubavuni kwa herufi kubwa: TUPU. Dereva hakuwa na mizani wala sababu ya kutomwamini. Akapakia mitungi mingine, akaondoka. Na ile ya kufuatwa baadaye haikufuatwa.

Miaka mitatu mtungi ukakaa chini ya gunia.

Mwaka 2022 mvua ikagoma. Oktoba ikaisha, Novemba ikaingia, anga jeupe kama bati. Bwawa la Igwisimba likanywea mpaka magogo ya miti iliyozamishwa zamani yakasimama nje. Maji yaliyobaki yalikuwa mazito kama uji wa ulezi, yakinuka samaki waliokufa. Visima vya mjini vilikauka kimoja baada ya kingine, na Kaliua yote ikageukia mtambo ule. Esperansi akazidisha shabu mara mbili, kisha mara tatu. Akachimba mashimo ya kukusanya hata maji ya kuoshea chujio, yakatuama, akayarudisha mwanzo wa mtambo yasafishwe upya, maana kuyamwaga ilikuwa sawa na kumwaga damu. Kwenye vilula, mabomba ya maji ya mitaani, watu walipigana. Mwanamke mmoja aling'olewa jino kwa mfuniko wa ndoo. Mwanamume mmoja alimchoma mwenzake bisibisi ya paja kwa ajili ya madumu mawili, na Kashindye ndiye aliyewatenganisha kwa kuwabamiza vichwa.

Kisha unga wa klorini ukaisha, na shehena mpya ikachelewa. Kutoka vijiji vya jirani ikaja habari ya watu kuharisha hadi kufa. Asubuhi moja Esperansi akaingia stoo, akafungia mlango kwa ndani, akaondoa gunia. Akaufunga mtungi kwenye mashine ya zamani aliyokuwa ameitunza kwa grisi. Kwa wiki tatu Kaliua ikanywa maji yaliyotiwa dawa kwa mtungi ule bila kujua, na hakuna hata mtoto mmoja wa mjini aliyeugua kipindupindu. Unga ulipofika, alifunga valvu, akarudisha gunia. Alijiona alikuwa na haki. Tangu siku ile alitembea na kichwa juu kidogo.

Jumapili moja, akiwa misani, mtu aliinua bati la stoo.

Jumatatu saa tatu asubuhi aliona mwanga wa jua sakafuni mahali pasipopaswa kuwa na mwanga. Gunia lilikuwa limetupwa, mtungi haupo. Alitoa simu, akalitafuta jina la msimamizi wake. Akalitazama. Angeulizwa mtungi gani. Angeulizwa kwa nini anatetemeka kwa ajili ya chuma kitupu. Akairudisha simu mfukoni. Jambo hilo alilisema mwenyewe baadaye, bila kulazimishwa: kwamba aliirudisha simu mfukoni.

Alijua mwizi wa vyuma huenda wapi. Alichukua barakoa ya zamani ya mtambo, ile ya mpira yenye kopo la kuchujia hewa mdomoni, akachukua kipande cha bomba la nusu inchi kwa kuwa alikusudia kugombana, akapanda baiskeli.

Yadi ya vyuma chakavu ilikuwa ng'ambo ya banda la Elieth, chini ya tuta la reli. Alikuwa bado mita mia mbili alipousikia mlio, kwanza kishindo cha nyundo, halafu kama treni inayoachia mvuke, mlio usiokatika. Juu ya ukuta wa mabati likainuka wingu la kijani lenye unjano. Halikupanda juu kama moshi. Liliinuka kidogo, likafikiri, likaanza kuteremka.

Aliyekuwa yadini ni Shukrani, kijana wa miaka ishirini na minne, mnunuzi wa vyuma wa mkokoteni. Esperansi alimfahamu. Kila mwezi alifika mtamboni na salamu yake, "Shikamoo mama, leo hamna chuma?" na kila mwezi alijibiwa, "Marahaba, hamna." Safari hii alikuwa ameulaza mtungi chini na kuipiga valvu kwa nyundo ya mawe ili aitoe shaba. Valvu ilikatika shingoni.

Upepo ulitoka mashariki. Watu wa pale wakafanya alivyosema Octavian kwamba hufanya watu wote: wakakimbia bondeni. Chini ya tuta kulikuwa na kalavati, tundu pana la zege ambalo maji ya mvua hupita chini ya reli, lenye giza na ubaridi. Lilionekana kama pango la kujificha. Wauza nyanya, wateja wa Elieth, mzee wa tumbaku, wakajazana humo, na wingu likawafuata polepole, likiambaa ardhini kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini.

Esperansi akaitupa baiskeli. "Tokeni! Pandeni juu! Pandeni relini!"

Hakuna aliyetoka. Kupanda tuta kulimaanisha kutoka mbele ya lile wingu, nani angethubutu? Wakazidi kusukumana ndani. Basi akavaa barakoa, akaingia, akaanza kupiga.

Alipiga kama mtu anayeua nyoka. Alimpiga mzee wa tumbaku begani, mfupa ukalia. Alimpiga mwanamke mjamzito mapajani, akamvuta kwa nywele mpaka nje, akamrukia tena mgongoni alipogeuka kurudi. Alipiga vifundo vya miguu, alipiga viwiko vilivyong'ang'ania zege. Watu nao walimpiga. Mmoja alimrushia jiwe likampasua paji la uso, damu ikaingia ndani ya kioo cha barakoa akawa anaona kwa jicho moja. Aliwapiga waliomlilia na waliomtukana, akiwaswaga juu ya tuta kama mbuzi, na kila aliyefika juu relini, penye upepo, alianguka akitapika, lakini alikuwa anapumua. Watu thelathini na zaidi walipanda tuta lile kwa kipigo.

Wanne hawakutoka. Walikuwa mwisho kabisa wa kalavati, ambako wingu lilikuwa limekwisha kulala. Aliwaona kwa jicho lile moja. Mmoja alikuwa na aproni ya maua aliyoifahamu. Alimshika Elieth kwapani, akamvuta hatua tatu, nne. Mdomo wa Elieth ulikuwa na povu la waridi na macho yalikuwa wazi hayaoni. Na wakati huo kopo la barakoa, lililokwisha muda wake miaka mingi, likaacha kufanya kazi. Moto ukamshuka kooni.

Akamwachia. Hilo nalo alilisema mwenyewe: nilimwachia.

Alipanda, akavuta hewa mara tatu, akateremka upande wa upepo kuelekea yadini, maana mlio ulikuwa bado haujakatika. Kashindye alikuwa amefika na wanaume watatu wenye ndoo za maji, wakitaka kuumwagia mtungi. Esperansi aliipiga ndoo ya kwanza ikapasuka. "Si maji!" akakoroma. "Maji yataula mtungi, tundu litapanuka. Chokaa! Leteni chokaa!" Mlango wa pili palikuwa pakijengwa nyumba, na mifuko ya chokaa ilikuwepo. Kashindye hakuelewa, lakini aliogopa uso ule wa damu, akakimbia kuleta.

Mtungi ulikuwa umefanya barafu nje, katika joto lile la ukame. Umelala, na kilichokuwa kinatoka kilikuwa kimiminika, kikigeuka wingu kila kilipogusa ardhi. Alijua kwamba ukisimama kitatoka kidogo, gesi tupu. Akatia bomba chini ya shingo ya mtungi, akakandamiza kwa kifua. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye chuma. Ukasimama. Mlio ukapungua. Akavunja mpini wa jembe lililokuwa kwenye rundo la vyuma, akauingiza kwenye tundu upande uliochongoka, akaugonga kwa nyundo ileile ya Shukrani, pigo kwa pigo, huku akikohoa damu, mpaka mlio ukawa mluzi, na mluzi ukawa kimya. Wakauzungushia magunia yaliyolowekwa chokaa.

Ndipo akamwona Shukrani. Alikuwa ametambaa nyuma ya rundo la rimu, macho yamevimba kama mayai, haoni. Esperansi hakumwonea huruma. Alikuwa ametoka kumwacha Elieth shimoni. Aliinua bomba, akampiga mdomoni kwa nguvu zote zilizombakia.

Kijana akatema meno. Hakujua nani aliyempiga. Akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya mwalimu:

"Iliandikwa tupu. Nilisoma mwenyewe. Iliandikwa tupu."

Bomba likamtoka mkononi.

Nyuma yake watu walikuwa wanateremka kutoka relini, na kutoka sokoni, na kutoka stesheni. Wakati ule Kashindye alikuwa ameambiwa habari ya mkewe. Wingu lilipopungua alikuwa amekwenda kalavatini na kurudi, na alichokuwa amebeba mikononi alikilaza kwenye benchi la banda, akamfunika uso kwa aproni. Kisha akageuka.

"Yuko wapi aliyefungua kitu hiki?"

Vidole kumi vikaonyesha.

Esperansi akafungua kinywa. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mafupi: ni mimi, niliandika mimi, mwacheni. Hayakutoka. Gesi ilikuwa imekwisha kumla koo. Kilichotoka ni mkwaruzo, kama jani kavu likikokotwa sakafuni. Akasukuma tena, na tena, mishipa ikamsimama shingoni. Watu walidhani anatapika.

Wakamburuta Shukrani kwa miguu hadi uwazini. Wakaanza kwa mateke, kisha mawe, kisha vyuma, kwa maana vyuma vilikuwa tele pale. Esperansi akajitupa juu yake. Akamfunika kichwa kwa kifua chake, akimkumbatia kama mama na mtoto wakati wa radi. Wakampiga na yeye. Mbavu mbili zilivunjika hapo. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ni Mama Klorini huyo, amechanganyikiwa, mwondoeni!" Wakamnyanyua, si kwa ubaya, kwa heshima hata, mikono sita ikimbeba mtu aliyewaokoa. Alirusha mateke. Alimng'ata mmoja wao mkono mpaka akaonja damu. Hawakumwachia.

Kwa hiyo aliona. Kashindye alichukua kipande cha reli chenye urefu wa mkono, akakiinua juu kwa mikono miwili. Shukrani alikuwa amepiga magoti, anageuza uso usioona kufuata sauti. "Jamani," alisema. Kipande kile kilishuka mara moja. Halafu kikashuka mara nyingine, na nyingine, na nyingine, hata pale ambapo hakukuwa tena na mtu wa kupigwa. Umati ukarudi nyuma wenyewe. Kashindye peke yake ndiye aliyeendelea, akilia kwa sauti kubwa kila alipopiga, hadi mikono ikamlegea.

Waliokufa siku hiyo ni watano: wanne wa kalavati na Shukrani.

Esperansi alikaa hospitali siku tisa. Siku ya kumi aliposikia kwamba pameitishwa mkutano wa hadhara wa kuwashukuru waliookoa watu, alivaa nguo, akaenda kwa kuegemea ukuta na miti. Walimpigia makofi. Mtendaji wa kata, mtu mpole mwenye kipaza sauti, akamkalisha mbele. Esperansi akamvuta kwa kola, akamnong'oneza sikioni, kwa kuwa mnong'ono ndio pekee aliokuwa nao. Mtendaji akacheka kwa heshima, akawaambia watu, "Anasema ana neno. Sauti haimtoki, mimi nitakuwa mdomo wake."

Akamwinamia. Akasimama. "Anasema: ule mtungi ulikuwa na gesi, na mimi nilijua." Watu wakatikisa vichwa, hawakuelewa bado. Akainama tena, akasimama. "Anasema: nilidanganya miaka mitatu iliyopita, ili usichukuliwe. Niliogopa maji yasije yakakosa dawa." Akainama mara ya tatu. Safari hii alikawia, na aliponyanyuka alikishusha kwanza kipaza sauti. "Mama, hili nalo niliseme?" Esperansi akatikisa kichwa kukubali. Mtendaji akatazama chini. "Anasema: neno tupu niliandika mimi. Kijana alisoma nilichoandika. Ameuawa kwa mwandiko wangu."



Mwanamke mmoja akainuka kutoka kwenye mkeka wa wafiwa. Alikuwa Hafsa, mama yake Shukrani, mjane wa Kanyenye, Tabora mjini, aliyekuja na treni kumzika mwanawe na hakupewa nafasi ya kumwosha, kwa vile mwili ulivyokuwa umeharibika. Alitembea bila haraka. Akavua kandambili ya mguu wa kulia, akampiga Esperansi nayo usoni. Akampiga tena. Mshono wa paji la uso ukafumuka. Esperansi hakuinua mkono, hakufumba hata macho. Hafsa alipiga mpaka pumzi ikamwishia, akavaa kandambili yake, akarudi mkekani, akaketi.

Kisha Kashindye akasimama; hakuna aliyekuwa amemtaja kwa polisi. Askari wawili waliokuwepo wakasogea, wakidhani atamrukia. Hakumrukia. Alimkaribia mpaka kivuli chake kikamfunika.

"Mayu," akamwambia, kama wanavyowaambia kwao wanawake wa kuheshimiwa. "Kwa nini hukusema pale?"

Esperansi akanong'ona. Ilibidi Kashindye apige magoti asikie.

"Nilisema. Haikutoka."

Kashindye alipoinuka aliwageukia askari, akawanyoshea mikono yote miwili. "Yule kijana, aliyemuua ni mimi," akasema. "Wengine walipiga. Mimi niliua."

Kesi mbili zilisikilizwa Tabora. Katika ile ya Kashindye, Esperansi aliitwa shahidi, na ingawa ndugu zake Elieth walimsihi aseme hakuona vizuri kwa damu machoni, alisema alivyoona, pigo kwa pigo, mkalimani wa mnong'ono akiwa pembeni. Kashindye alifungwa miaka kumi na mitano. Wakati anashushwa kizimbani alimpungia mkono kidogo, na Esperansi hakujua aupokee vipi. Yeye mwenyewe alikiri kila kosa alilosomewa, akafungwa miaka miwili. Hakimu alitaja watu thelathini wa kalavati. Alitaja pia simu iliyorudishwa mfukoni.

Alipotoka hakurudi Kaliua. Alipokuwa ndani, mtu alikuwa amekichoma chumba chake, na hakutaka kujua nani. Alikwenda Ulyankulu, kwa dada yake Koleta, anakoishi mpaka sasa. Mapafu yake hayawezi moshi wa kuni, kwa hiyo hapiki. Hutwanga, hufua, hupukuchua mahindi. Kiangazi kikikaza hukohoa hadi anashika mti. Sauti haijarudi. Wajukuu wa Koleta wamezoea kuacha kelele anapofungua mdomo, kisha kila mmoja hukimbia kumpelekea alichoomba.

Mwaka huu kijiji kimejengewa mtambo mdogo wa kusafisha maji ya bwawa, wa chujio na dawa ya unga, na wanawake watatu wakachaguliwa kuuendesha. Walimfuata awafundishe. Akakataa. Walirudi baada ya misa, akakataa tena, na safari hii akaondoka na kuwaacha uani. Mara ya tatu walikuja bila kuomba kitu. Walisema tu kwamba shabu wanaiweka na tope halizami, na hawajui wanakosea wapi, na watoto wawili wa mtaa wa juu wameanza kuharisha.

Esperansi aliweka chini ungo wa mahindi. Alitembea nao mpaka mtamboni, taratibu, akipumzika mara mbili njiani. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akawatazama wakipima, akanyosha kidole kumwonyesha mmoja wao kijiko: nusu, si kizima. Koroga. Bado. Koroga tena.

Walisubiri pamoja, wote wanne, mpaka maji yakaanza kuachana na tope.